Kuhamia kikazi: kinachomvuruga mtu miezi ya kwanza ni upweke au ni maandalizi mabovu?

#1 Mpima Njia (mtoa mada)

Wakuu habari. Naleta hoja, atakayepinga aje na sababu.

Mtu akipata kazi au uhamisho kwenda asikokujua, miezi ya kwanza akawa halali vizuri, hana hamu ya kula, kila Ijumaa anaulizia nauli ya kurudi, jibu letu huwa moja: upweke huo, utazoea. Mimi nasema tunatibu ugonjwa usio wake. Kinachomchosha ni vitu vidogo vingi ambavyo havikupangwa, na vyote vinamwangukia wiki ileile anayotakiwa aonekane mchapakazi mbele ya bosi mpya.

Kwanza barua. Kabla hujafunga boksi hata moja, pata majibu ya maandishi: nani analipa usafiri wa mizigo na mwisho ni uzito gani, malazi ya muda ni siku ngapi, familia imehesabiwa au ni wewe peke yako, unalipwa kabla ya safari au unarudishiwa kwa risiti. Kama ni kwa risiti, zipige picha siku hiyohiyo. Zile zinazotoka kwenye mashine hufifia, na mhasibu hapokei karatasi nyeupe.

Pili nyumba. Usilipie nyumba ya muda mrefu kwa kuangalia picha. Chukua malazi ya wiki 2 mpaka 4, utafute ukiwa palepale. Pima njia ya kazini siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa unapita, kwenda na kurudi. Jumapili mchana kila ofisi iko karibu.

Tatu boksi la usiku wa kwanza: shuka 2 (moja la kuziba dirisha), taulo, sabuni, tochi, chaja, ekstensheni, bisibisi, kisu, sufuria 1, kikombe, dawa unazotumia. Lipakiwe la mwisho ili lishuke la kwanza. Vyeti na mkataba visiingie humo, vikae kwenye begi la mkononi.

Nne laini ya simu. Laini ya zamani usiiache mpaka umebadilisha namba benki, kwenye barua pepe na kila akaunti inayotuma namba ya uthibitisho. Laini iliyolala muda mrefu mtandao huifunga na kumpa mtu mwingine. Hapo umejifungia nje ya akaunti zako mwenyewe.

Mmalizieni mtu hayo manne, mtaona huo upweke unakosa pa kukaa. Nawasilisha.

#2 Tuma Salamu

Hapo mwisho umepitiliza, mkuu. Boksi lenye tochi na ekstensheni halimuulizi mtu ameamkaje.

#3 Hesabu Kali

Mtoa mada ana hoja, ila amepima vibaya. Mwaka 1967 Holmes na Rahe, madaktari wa akili wa Marekani, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake za mzigo. Kufiwa na mwenza ni 100. Kuhama makazi ni 20 tu. Kwa hiyo kuhama peke yake si kitu kikubwa, tusikikuze.

Ukubwa unatoka kwenye vinavyofuatana nako. Kubadili aina ya kazi 36, hali ya fedha kubadilika 38, hali ya maisha nyumbani 25, saa au mazingira ya kazi 20, maisha ya kijamii 18, usingizi 16, ulaji 15. Jumlisha na zile 20 za kuhama unapata 188. Kuanzia 150 wao walihesabu kuwa uwezekano wa kuugua unaanza kupanda. Ndiyo maana mtu anapata mafua na vidonda vya tumbo mwezi wa pili, wenzake wanasema hewa ya huko haimpendi.

#4 Daftari Jeusi

#3 hesabu yako ni sahihi, matumizi yake hapana. Zile 36 ni za kubadili aina ya kazi, mfano mwalimu kuwa mfanyabiashara. Mhasibu anayehamishwa kwenda kuwa mhasibu tawi lingine hazimhusu. Toa 36 inabaki 152. Na kama mshahara na matumizi havijabadilika toa 38, inabaki 114, uko chini ya mstari wako.

Halafu ile orodha haiulizi kama mtu aliomba uhamisho au alisukumwa. Wawili wenye alama sawa, mmoja alisubiri nafasi hiyo kwa hamu, mwingine amepewa barua bila kuulizwa. Ukiwaona mwezi wa tatu hutajua kama walipanda gari moja.

#5 Mama Ratiba

Mnazunguka. Shida ni watu, na inapimika kwa saa.

Jeffrey Hall alichapisha utafiti mwaka 2018, sehemu yake ikiwa juu ya watu wazima waliotoka kuhama. Kutoka kujuana tu mpaka kuwa rafiki wa kawaida ni kama saa 50 za kuwa pamoja, kuwa rafiki hasa ni kama 90, rafiki wa karibu ni zaidi ya 200. Sasa piga hesabu. Ukimwona mtu saa 3 kwa wiki, 50 zinafika wiki ya 17. 90 ni wiki ya 30. 200 ni mwaka na zaidi. Mtu anayelalamika mwezi wa pili kwamba hana rafiki hana kasoro yoyote, saa zake tu hazijatimia.

Na hapa ndipo wengi wanapojidanganya: saa za kukaa ofisi moja mkifanya kazi hazibebi uzito huohuo. Zinazohesabika ni zile mlizochagua kukaa pamoja. Kwa hiyo hao "wenzangu wa kazini" unaowaona saa 40 kwa wiki wanaweza kubaki wa kazini tu miaka 5.

Kinachofanya kazi ni kitu chenye siku maalumu, watu walewale, kisichohitaji mwaliko. Kwaya, timu ya mazoezi, darasa la jioni, ibada, kikundi cha kujitolea. Chagua kimoja au viwili tu, nenda angalau mara 6 mfululizo kabla hujasema hakikufai. Mara ya kwanza na ya pili kila mtu ni mgeni asiye na jina. Kosa la kawaida ni kuonja vikundi 7 kwa mwezi mmoja, kila mahali unaanza upya na sifuri.

#6 Kisanduku

Saa 200! Mkataba wenyewe miezi 6. Huyo aanze kuaga siku anayofika.

#7 Bundi wa Zamu

Mama Ratiba kasema vizuri, lakini mtu asiyelala hana nguvu ya kwenda kwaya. Anzeni na usingizi.

Masako Tamaki na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo, wa kushoto, haulali kwa kina kama mwenzake, na unashtuka haraka kwa sauti ngeni. Mwili unalinda. Sasa mtu anafika Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi anaripoti, anatambulishwa kwa watu 30, hakumbuki jina hata moja, anajiona mjinga. Kaa hivyo wiki 3 halafu useme ni upweke.

Hatua ni chache. Fika siku 3 kabla ya kuripoti, si chini ya 2. Nenda na foronya na shuka ulilokwishalalia bila kulifua, harufu ileile husaidia. Kitanda kipangwe na dirisha lizibwe kabla ya kufungua boksi jingine lolote. Saa ya kuamka iwe ileile siku zote 7 hata kama umelala vibaya. Usingizi wa mchana usizidi dakika 20 na usivuke saa 9 alasiri.

#8 Daftari Jeusi

#7 ule utafiti ulihusu usiku wa kwanza. Walipowapima tena baada ya siku kadhaa, tofauti ya pande mbili haikuonekana tena. Hizo wiki 3 umeongeza wewe. Mtu akikosa usingizi wiki ya tatu tafuta sababu nyingine: kelele, godoro, joto, simu kitandani, au wasiwasi wa hela.

#9 Bundi wa Zamu

Sijasema utafiti ulipima wiki 3, nimesema kinachoanza siku hiyo hujiendeleza. Ukilala vibaya unakunywa kahawa jioni, unalala mchana, kesho yake ni balaa zaidi. Wewe unasoma majedwali, mimi nazungumzia zamu.

#10 Mlinda Lango

Ngojeni. Wasiwasi wa hela umetajwa kama kitu cha kupita njiani, na ndio mzizi wa yote.

Kila mwajiri ana siku ya kufunga orodha ya mishahara, mara nyingi katikati ya mwezi au baada kidogo. Ukiripoti baada ya siku hiyo jina lako linasubiri mwezi unaofuata. Chukua mtu aliyeripoti tarehe 20 wakati orodha ilifungwa tarehe 15: mshahara wake wa kwanza ni mwisho wa mwezi ujao, siku 40 hivi mbele. Siku hizo ndizo zenye malipo makubwa kuliko zote, kodi ya kuanzia, amana, usafiri wa mizigo, vitu vya ndani. Yote yanatoka, hakuna kinachoingia. Mialiko ya wenzake anaikataa, wanamwona anajitenga. Kumbe anajua kilichobaki mfukoni.

Kabla ya kukubali tarehe ya kuripoti uliza maswali 3: orodha inafungwa lini, siku za mwezi wa kwanza zinalipwa au zinaungwa na mwezi wa pili, na fomu ya benki inatakiwa lini. Ukiweza kusogeza tarehe ya kuripoti siku 4 au 5 ukawahi orodha, sogeza. Na uwe na akiba ya matumizi ya miezi 2 mbali na gharama za kuhama, miezi 3 kama unaanza kwa majaribio.

Ongezeo kwa mtoa mada: mkataba wa nyumba usiwe mrefu kuliko kipindi cha majaribio, au uwe na kifungu cha kuvunja kwa notisi ya mwezi 1. Watu wanafunga nyumba mwaka mzima kwa kazi ya majaribio ya miezi 3.

#11 Mpima Njia

Asante Mlinda Lango, ila angalieni wenyewe: usingizi ni wa kupanga, mshahara ni wa kupanga. Mnanipinga kwa hoja zangu.

#12 Tuma Salamu

Na saa 200 za Mama Ratiba utazipanga kwenye boksi namba ngapi?

#13 Kalamu ya Pembeni

Hakuna aliyetaja kwamba kuzoea mahali pageni kuna mwendo wake hata ukipanga vipi. Mwanaanthropolojia Oberg mwaka 1960 alieleza hatua zake: kwanza unapenda kila kitu, halafu unachukia kila kitu, halafu unaanza kuelewa, mwisho unakaa sawa. Yeye ndiye aliyechora ule mstari wa hali ya mtu kushuka na kupanda. Shida kubwa inakuja baada ya miezi 6, si wiki 2 za kwanza. Kwa hiyo mabishano yenu ya usiku wa kwanza yanagusa sehemu ambayo mtu bado ana furaha.

#14 Daftari Jeusi

Mstari wa kushuka na kupanda unatokana na Lysgaard, mwaka 1955, miaka 5 kabla ya Oberg. Alihoji Wanorwe waliokuwa wamekaa Marekani kwa masomo na kazi. Waliokaa chini ya miezi 6 walisema mambo mazuri, wa miezi 6 mpaka 18 walisema vibaya, waliozidi 18 walisema vizuri tena.

Lakini hao walikuwa watu tofauti. Hakumfuata mtu mmoja kutoka mwezi wa kwanza mpaka wa 20. Waliokuja kufuatilia watu walewale, Colleen Ward na wenzake mwaka 1998, walikuta unyonge uko juu zaidi pale mwanzoni kabisa. Huo mwezi wa furaha kwa wengi haupo.

#15 Kalamu ya Pembeni

Wale wa 1998 walikuwa wanafunzi walioenda nchi ya mbali. Mfanyakazi anapokelewa, ana ofisi, ana meza. Mwanzo wake si sawa.

#16 Kisanduku

Ana meza? Waajiri wa huko kwenu wako vizuri. Kwingine siku ya kwanza unaonyeshwa kiti cha aliye likizo.

#17 Nusu Mzigo

Mmejadili mtu mmoja kana kwamba wote wanahama peke yao. Kwenye familia anayepata shida zaidi si mwenye kazi. Yeye ana mahali pa kwenda asubuhi, ana cheo, watu wanajua jina lake. Mwenza aliyeacha kazi yake kumfuata anabaki na kuta. Mwenye kazi akirudi jioni amechoka kuongea, mwenzake ndio kwanza anataka kuongea. Kisha wanagombana kuhusu pazia.

Ukitaka kupima kama uhamisho utadumu, uliza mwenza atafanya nini saa 4 asubuhi siku ya Jumatano. Bila jibu, msihame pamoja siku moja. Mwenye kazi atangulie wiki 4 mpaka 6, atafute nyumba na shule, wengine wafuate muhula ukiisha. Kwa watoto chukueni barua ya uhamisho wa shule, ripoti za mihula 2 ya mwisho na kadi ya chanjo halisi. Mwenye dawa za kudumu abebe za siku 30 na cheti kilichoandikwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni, maana nembo zinabadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Ila kutangulia kusizidi miezi 3. Hapo kila mmoja ameshajenga ratiba isiyomhitaji mwenzake.

#18 Mama Ratiba

Nusu Mzigo umegusa penyewe, na bado ni hesabu ya saa. Mwenza saa zake ni sifuri hata zile za ofisini.

#19 Fundi Koki

Nimesoma yote. Mnatafuta sababu kichwani, nyingi ziko kwenye nyumba. Mtu anakaa kwenye nyumba isiyokalika halafu anaambiwa ana msongo.

Kukagua nyumba nenda mara 2, mchana na usiku, kwa sababu kelele na mwanga wa nje hujulikana usiku. Fungua koki 2 kwa pamoja, ya jikoni na ya bafuni, uziache dakika 5. Presha ikifa kwenye moja utaoga kwa zamu na sinki. Ukisikia pampu inawaka, uliza umeme wake unalipwa na nani. Vuta maji chooni, tazama kama tangi linajaa na kunyamaza. Likiendelea kulia mpira wake umekwisha na bili itakuja kwako. Chomeka chaja kwenye kila soketi, si moja. Sukuma ukuta chini ya dirisha na nyuma ya kabati. Rangi mpya sehemu moja tu maana yake kuna unyevu umefunikwa. Piga simu ukiwa chumba cha ndani kabisa.

Siku ya kukabidhiwa, piga picha mita ya umeme na ya maji namba zikisomeka, piga picha kila ufa na kila kitasa, mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Amana nyingi hupotea kwa nyufa zilizokuwepo zamani. Kisha badilisha kitasa cha mlango wa nje. Hujui funguo ngapi zinazunguka.

Na kwenye kuchagua chumba: wakati Festinger, Schachter na Back walipochunguza nyumba za wanafunzi wenye ndoa pale chuo cha MIT, Marekani, kazi iliyotoka 1950, waliokaa karibu na ngazi na masanduku ya barua walijuana na watu wengi zaidi wa ghorofa nyingine. Chumba cha pembeni kabisa kina utulivu, na hutajulikana na mtu.

#20 Bundi wa Zamu

Chumba cha karibu na ngazi, halafu usingizi je? Visigino usiku kucha.

#21 Fundi Koki

Chagua: ulale au ufahamike.

#22 Tuma Salamu

Bado simu haijasemwa. Kuna anayeongea na nyumbani kwa muda wa saa 3 kila jioni kwa video. Saa hizo ndizo watu wa pale wanatoka nje. Mwili umehama, jioni zake zote ziko kule. Akikata simu ukimya unamrudia mara mbili. Siku maalumu 2 au 3 kwa wiki zinatosha, tena mchana wa mapumziko, jioni ibaki ya mahali ulipo. Na safari ya kwanza ya kurudi isiwe kabla ya wiki ya 6, wale wa kila mwisho wa wiki hawafiki popote.

#23 Nusu Mzigo

Sikubali. Aliyeacha mzazi mgonjwa au mtoto mdogo hawezi kupangiwa siku 2. Kwake simu ndiyo inayomshika asianguke. Kumkatia simu ili "azoee" ni kumwongezea.

#24 Hesabu Kali

Ulevi wa simu unakuja kwa sababu hana zoea jingine jioni. Na zoea jipya halijengwi kwa siku 21 kama inavyosemwa. Phillippa Lally na wenzake mwaka 2010 walipata wastani wa siku 66, wengine 18, wengine hesabu ikaenda mpaka 254. Anza na kimoja kilichofungwa kwenye kitu unachofanya tayari: ukirudi kazini kabla ya kuvua viatu, tembea dakika 15 njia tofauti. Baada ya mwezi unajua mtaa na mtaa unakujua sura.

#25 Kisanduku

Sawa wataalamu, swali la kawaida. Friji lililosafirishwa limelazwa, liwashwe baada ya muda gani? Hapa kuna mzigo unashushwa kesho.

#26 Fundi Koki

Lisimame saa 24 ndipo uwashe. Likilazwa, mafuta ya kompresa hutambaa mpaka kwenye mabomba. Ukiwasha mapema kompresa inazunguka bila mafuta ya kutosha, au mafuta yanaziba njia nyembamba ya gesi, halipozi tena. Liwe sentimita 10 kutoka ukutani. Mlango uache wazi kidogo mpaka litakapowashwa, la sivyo litanuka.

#27 Mlinda Lango

Saa 24 ni nyingi kwa safari fupi. Kanuni inayotumika ni kulisimamisha muda uleule lililolala, usipungue saa 4.

#28 Fundi Koki

Kama unajua lililala muda gani. Wapakiaji watakwambia lilisimama njia nzima.

#29 Mpima Njia

Wakuu tumetoka kwenye mada. Ingawa friji nalo ni la kupanga.

#30 Kisanduku

Lina milango miwili, wa juu ni wa kugandisha. Na lililazwa ubavu wa bawaba. Saa 24 bado?

#31 Fundi Koki

Bado. Na miguu ya mbele iwe juu kidogo kuliko ya nyuma, mlango ujifunge wenyewe.